Mwongozo Kamili wa Kuchora Uso wa Kanisa la Klasiki Mpya kwa Wino: Mwanga, Mstari na Umbo

Michoro mingi ya makanisa ya klasiki mpya (mtindo wa karne ya 18 uliofufua nguzo za Wagiriki na Warumi) ninayoletewa ili niisahihishe ina kasoro ileile. Nguzo zimepimwa vizuri, pembetatu ya paa imekaa sawa na mistari imenyooka, lakini jengo zima limelala bapa kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Mchoraji akiliona hilo hukimbilia kuongeza wino, na kadiri anavyoongeza ndivyo uso wa mchoro unavyozidi kuchafuka bila kupata kina. Kosa halimo katika wino. Limetangulia, pale alipokisia vivuli kwa macho badala ya kuvipima kwa rula na bikari kabla brashi haijalowa.

Wasanifu wa Paris wa karne ya 18 hawakukisia. Kwao kivuli kilikuwa kipimo: anayejua kusoma mchoro aliweza kutazama upana wa kivuli na kusema ukingo fulani unachomoza kwa kiasi gani, bila kuonyeshwa jengo kutoka pembeni. Mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo, hatua kwa hatua, kwa mfano mmoja ambao nimekwisha kukupimia.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kuanza, kwa sababu mpako wa wino, yaani tabaka la wino uliozimuliwa kwa maji, hautakusubiri ukatafute kitambaa.

- Karatasi ya rangi za maji ya ukubwa wa A2, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba na uso laini. Uso wenye vinundu hukatakata mistari ya kalamu.
- Ubao wa plaiwudi usiopinda, mkubwa kuliko karatasi kwa sentimita 4 kila upande, na utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowanisha kwa maji.
- Kijiti cha wino wa Kichina na jiwe la kusagia. Wino wa chupa unafaa kwa mistari, lakini aina nyingi huacha chembe na madoa zikizimuliwa sana.
- Penseli ya 2H, kifutio laini, rula ya T, rula ya pembetatu yenye nyuzi 45, na bikari inayoweza kushika kalamu.
- Kalamu ya mistari yenye taya mbili na skrubu. Ukiikosa, tumia kalamu za wino usioyeyuka za unene wa milimita 0.1 na 0.3.
- Brashi mbili za duara zinazobeba maji mengi na kuchongoka zikilowa, moja nene na moja ya wastani, pamoja na brashi ya tatu ambayo haitagusa wino kamwe.
- Vikombe vyeupe vinne, kitambaa cha pamba, na maji safi.

Neno moja kuhusu maji. Maji ya kisima ya mwambao yenye chumvichumvi huufanya wino ugande kuwa chembechembe, na mpako hukauka ukiwa na vidoadoa kama vumbi. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya chupa.

## Mfano tutakaouchora

Usianze na kanisa la Sainte-Geneviève la msanifu Jacques-Germain Soufflot, lile linaloitwa leo Panthéon. Nguzo zake zina vichwa vya majani ya Korintho, na majani hayo yatakula wiki zako tatu kabla hujajifunza lolote kuhusu mwanga. Anza na ukumbi wa nguzo nne zisizo na mapambo na pembetatu ya paa juu yake. Mpangilio wa namna hiyo unaonekana katika uso wa Saint-Philippe-du-Roule jijini Paris, kanisa lililojengwa kwa michoro ya Jean-François Chalgrin kati ya 1774 na 1784.

Kwa vipimo, tutatumia nguzo ya Kitoskana, iliyo sahili kuliko zote, kwa kanuni aliyoitoa msanifu wa Italia Vignola mwaka 1562, ambayo wasanifu waliendelea kuitumia kwa karne nyingi baada yake. Kipimo cha msingi ni nusu ya kipenyo cha nguzo chini, nacho hugawanywa katika sehemu 12. Tukiifanya nusu hiyo kuwa milimita 12, kila sehemu inakuwa milimita moja kamili, na hesabu zote zinasomeka kwenye rula ya kawaida.

- Nguzo: kipenyo mm 24 chini na mm 19 shingoni. Kitako mm 12, shina mm 144, kichwa mm 12; jumla mm 168.
- Juu ya nguzo: boriti mm 12, mkanda mtupu mm 14, kornishi (ukingo wa juu unaochomoza) mm 16, jumla mm 42.
- Kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya inayofuata: mm 78 pembeni, na mm 96 katikati ulipo mlango.
- Upana wa kornishi mm 307, na kimo cha pembetatu 2/9 ya upana huo, yaani mm 68.
- Ukuta wa nyuma una upana sawa na ukumbi, na uko mm 48 nyuma ya mstari wa katikati wa nguzo.

Kipimo cha mwisho ndicho wengi hukiacha, kwa hoja kwamba kina cha ukumbi hakionekani kutoka mbele. Kinaonekana kwa kivuli, na bila namba hiyo kivuli hakichoreki.

## Hatua ya 1: Tandaza karatasi

Ilaze karatasi ndani ya maji kwa dakika kama tano, inyanyue kwa pembe mbili ichuruzike, kisha ilaze kwenye ubao na ubandike utepe pande zote nne. Iache ikauke ikiwa imelala, usiku kucha, mbali na jua.

Karatasi hutanuka ikilowa na hujikunja ikikauka, na usipoitandaza hivi mpako wa kwanza utatengeneza mabonde ambamo wino utajikusanya. Ukanda wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, usiharakishe kwa feni: upande mmoja hukauka kabla ya mwingine na utepe hung'oka.

Umefanikiwa ikiwa karatasi inatoa mlio mkavu kama wa ngoma ukiigonga kwa ukucha.

## Hatua ya 2: Chora umbo kwa penseli

Anza na mstari wa katikati wa wima, halafu sakafu, halafu mistari ya katikati ya nguzo. Pima kila kitu kutoka mstari wa katikati kwenda nje pande zote mbili, kwa kuwa ukipima kutoka nguzo moja hadi nyingine kosa la nusu milimita hujumlishwa kila mara.

Katika karatasi nyingine, chora ramani ya sakafu ya ukumbi kama unavyoonekana kutoka juu, kwa kipimo kilekile: duara nne, ukuta wa nyuma na makali ya boriti. Wanafunzi hupenda kuiruka kazi hii, na baadaye hurudi wakiuliza kivuli cha nguzo kiwekwe wapi. Jibu limo katika ramani hiyo.

Penseli iguse karatasi kidogo tu. Risasi iliyokandamizwa hubaki chini ya mpako wa wino, na kifutio hakitaifikia tena.

## Hatua ya 3: Kubali mwanga mmoja

Mwanga wa mchoro huu unatoka juu, kushoto, mbele ya jengo. Unaufuata mshazari wa mchemraba: kila unapokwenda milimita moja kulia, unakwenda pia milimita moja chini na milimita moja nyuma. Ukitazamwa kutoka mbele, mwale unaonekana umelala kwa nyuzi 45. Ukitazamwa kutoka juu, ni nyuzi 45 vilevile. Mteremko wake halisi angani ni nyuzi 35 na dakika 16, lakini namba hiyo hutaihitaji.

Faida yake ni kwamba kanuni yote inakaa katika sentensi moja: nukta iliyoko umbali fulani mbele ya ukuta hutupa kivuli chake umbali uleule kulia na umbali uleule chini.

Usinakili vivuli kutoka kwenye picha. Jua la kweli halikai nyuzi 45 kwa ajili yako, na picha mbili za kanisa moja zilizopigwa asubuhi na alasiri zitakuingizia mianga miwili katika mchoro mmoja. Hicho ndicho chanzo cha pili cha majengo bapa.

## Hatua ya 4: Pima vivuli

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ipe siku nzima, na usiguse wino hadi iishe.

Tofautisha giza la umbo na kivuli kinachoanguka. Giza la umbo ni upande wa nguzo ambao wenyewe umeupa mwanga mgongo. Kivuli kinachoanguka ni kile ambacho kitu kimoja kinakitupa juu ya kingine. La kwanza hufifia polepole. Cha pili kina mpaka mkali. Anayevichanganya huifanya nguzo ionekane imepasuka katikati.

Kornishi juu ya mkanda. Kornishi ina kingo kadhaa, na kila ukingo unatupa kivuli chake. Jaribu kila mmoja. Unaofika chini zaidi ndio wenye neno. Katika mfano wetu, mdomo wa juu unachomoza mm 18 lakini uko mm 16 juu ya mkanda, kwa hiyo kivuli chake kinaingia mm 2 tu. Bamba lililo chini ya mdomo linachomoza mm 14, na ukingo wake wa chini uko mm 8 juu ya mkanda, hivyo kivuli chake kinafunika mm 6. Chora mm 6, ukisahau kile cha kwanza.

Pembetatu ya paa. Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana huvipa vivuli vya miteremko miwili upana sawa. Haviwezi kuwa sawa. Mteremko wa kushoto unapanda kuelekea kulia, na kivuli chake kinasogezwa kulia na chini kwa pamoja, kwa hiyo kinapanuka. Mteremko wa kulia unashuka kuelekea upande uleule ambao kivuli kinasogea, kwa hiyo kivuli kinabanwa. Kwa ukingo unaochomoza mm 14 na mteremko wetu, kivuli kikipimwa wima kinatoka mm 20 upande wa kushoto na mm 8 tu upande wa kulia. Ukitaka kuhakiki bila hesabu, chukua nukta ya kilele, isogeze mm 14 kulia na mm 14 chini, kisha kutoka hapo vuta mistari miwili sambamba na miteremko.

Kichwa cha nguzo juu ya shina. Bamba la mraba juu ya nguzo lina upana wa mm 29, na ukingo wake wa mbele umetangulia uso wa shingo kwa mm 5. Kutoka pembe ya chini ya kushoto ya bamba, shusha mstari wa nyuzi 45 kuelekea kulia. Halafu chukua bikari, ifungue kwa mm 9.5, yaani nusu ya kipenyo cha shingo, na uchore tao ambalo kilele chake kiko katikati ya shina, mm 5 chini ya bamba. Kivuli kinafuata mstari ule wa nyuzi 45 hadi unapokutana na tao, kisha kinafuata tao kwenda kulia.

Tao hilo ni sehemu ya duara kamili, wala si mchirizi wa kubahatisha, kwa sababu kivuli kinashuka kadiri uso wa nguzo unavyorudi nyuma. Mahali mstari unapokutana na tao pawe mm 6.7 kushoto mwa katikati. Pasipokuwa hapo, umekosea kipimo cha bamba. Mto wa duara uliopo kati ya bamba na shingo una kivuli chake pia. Kwa ukubwa huu, uache.

Ukumbi juu ya ukuta wa nyuma. Uso wa boriti uko mm 57.5 mbele ya ukuta, kwa hiyo kivuli cha boriti kinashuka mm 57.5 kutoka usawa wa chini wa boriti. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya kimo cha nguzo. Usiogope ukubwa wake: kivuli hicho kipana ndicho kitakachozileta nguzo mbele. Mwisho wa kushoto wa ukumbi, kivuli kinaanza kwa mstari wa nyuzi 45 unaoshuka kutoka kona ya boriti, maana pale mwanga unaingia kutoka ubavuni.

Nguzo juu ya ukuta wa nyuma. Kivuli cha kila nguzo kinasogea mm 48 kulia. Upana wake si mm 24. Mwale unaupiga ukuta kwa mshazari, kwa hiyo kivuli kinakuwa kipana mara 1.41 ya nguzo, yaani mm 34 chini, na kinapungua kufuata shina linavyopungua juu. Kitakaa kati ya mm 31 na mm 65 kutoka katikati ya nguzo yake, na nguzo inayofuata inaanza mm 66. Kinatosha kwa shida, lakini kinatosha.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuweka rula ya nyuzi 45 kwenye kona yoyote ya kivuli na kuipata kona ya jengo iliyokitupa.

## Hatua ya 5: Piga mistari ya kalamu

Mistari inatangulia mpako, na iwe ya wino uliozimuliwa hadi kuwa kijivu. Mstari mweusi tititi huwa kama waya: jicho hukwama juu yake na kukataa kuamini umbo lililo ndani.

Tumia unene wa aina mbili. Kingo zinazopokea mwanga, yaani za juu na za kushoto, zipate mstari mwembamba. Kingo zilizoupa mwanga mgongo, yaani za chini na za kulia, zipate mstari mnene. Tofauti hii ndogo peke yake huliinua umbo kabla hata ya mpako wa kwanza.

Mpaka wa kivuli hauna mstari wa kalamu. Narudia kwa kuwa kosa hili huniletea huzuni kila mara: kivuli si kitu, hakina ukingo wa kushikika, na mpaka wake ni mahali tu ambapo kijivu kinabadilika. Uache na penseli yake hafifu.

Acha mistari ikauke kabisa, kisha ijaribu kwa brashi yenye maji kwenye pembe ya karatasi. Ikitiririka, wino huo haufai, na ni heri kuligundua hilo pembeni kuliko katikati ya mlango.

## Hatua ya 6: Saga na kuzimua wino

Weka maji kijiko kimoja kwenye jiwe, shika kijiti wima, na uzungushe bila kukandamiza hadi wino uwe mweusi na mzito kidogo. Umimine katika kikombe kupitia kitambaa cha pamba, uuache utulie, halafu uchote sehemu ya juu tu. Masalia ya chini hayarudi kwenye mchoro.

Tengeneza vikombe vitatu: hafifu, wastani na kizito. Kipimo cha kikombe hafifu ni hiki: tone lake likikauka juu ya karatasi nyeupe, lionekane kwa taabu. Mpako mmoja usionekane kuwa na faida yoyote. Kijivu cha kivuli kijengwe kwa mipako mitano au sita. Mpako mmoja mzito huonyesha kila kosa la mkono, lakini mipako sita hafifu huyasawazisha, kwa sababu doa la mmoja hufunikwa na mwingine.

Wino hupauka ukikauka. Jaribu kila kikombe kwenye kipande cha karatasi ileile na usubiri kikauke kabla ya kuamua.

## Hatua ya 7: Laza mipako ya ukuta na vivuli

Inua upande wa juu wa ubao kwa kitabu chenye unene wa sentimita 6 hivi. Lowanisha eneo kwa brashi ya maji safi, na usubiri hadi mng'ao wa maji upotee. Jaza brashi nene kwa wino hafifu, uanze juu kushoto, ukienda kulia na kurudi, huku ukiacha mchirizi wa wino ujikusanye kwenye ukingo wa chini. Mchirizi huo ndio unaoisukuma kazi: usikubali ukauke, wala usiuache ujae hadi ukatiririka. Ukifika chini, kamua brashi kwa kitambaa na uunyonye mchirizi wote.

Usirudi nyuma. Ukiona doa jeupe mahali ulipokwisha kupita, liache. Kuligusa kabla mpako haujakauka kunazaa ua lenye pindo nyeusi, na pindo hilo halifutiki.

Utaratibu wa mipako ni huu:

1. Mpako mmoja hafifu juu ya ukuta wote wa nyuma, penye mwanga na penye kivuli, ukizunguka nguzo. Ukuta uliopigwa mwanga hauwi mweupe kama nguzo iliyopigwa mwanga pia, kwa kuwa uko mbali zaidi. Weupe wa karatasi tupu unawekwa akiba kwa vitu vya mbele peke yake.
2. Mpako kama huo, hafifu zaidi, katika uso wa ndani wa pembetatu.
3. Vivuli vyote vinavyoanguka, kwa mipako miwili au mitatu, kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata.
4. Vivuli vya mbele pekee, yaani vya kornishi na vya vichwa vya nguzo, kwa mipako miwili zaidi.
5. Uwazi wa mlango, kwa wino wa wastani na kisha mzito.

Katika kivuli kikubwa cha ukuta, anza juu kwa wino wa wastani na ongeza maji kidogo kidogo ukishuka. Sakafu inarudisha mwanga juu, kwa hiyo sehemu ya chini ya kivuli haina giza la sehemu ya juu. Kivuli kilichopakwa kijivu kimoja toka juu hadi chini huonekana kama shimo.

Muda wa kukauka hutegemea mahali ulipo. Mombasa au Unguja unaweza kusubiri saa nzima kati ya mpako na mpako. Nairobi, siku kavu za Januari na Februari, mchirizi unaweza kukauka mkononi mwako, na hapo fanya kazi alfajiri na ulowanishe eneo mara mbili.

## Hatua ya 8: Zipe nguzo mviringo

Rudi kwenye ramani ya sakafu. Gawanya nusu duara ya mbele ya nguzo katika sehemu nane sawa, na upandishe kila mgawanyo hadi mwonekano wa mbele. Chini ya shina, mistari itaangukia katikati kabisa, na mm 4.6, 8.5, 11.1 na 12 kila upande. Shingoni ni mm 3.6, 6.7, 8.8 na 9.5. Unganisha kwa penseli hafifu sana.

Mistari miwili kati ya hiyo ina kazi maalumu. Ule wa mm 8.5 kushoto ndio mstari wa mwanga, mahali uso wa nguzo unapoutazama mwanga ana kwa ana. Pale karatasi ibaki nyeupe. Ule wa mm 8.5 kulia ndio mwanzo wa giza la umbo. Wachoraji wengi huweka mwanga katikati na giza kwenye ukingo wa mwisho wa kulia, na nguzo yao inageuka bomba la bati.

Paka kwa wino hafifu, kila mpako ukikauka: wa kwanza kutoka katikati hadi ukingo wa kulia, wa pili kutoka mm 4.6 hadi ukingo. Wa tatu kutoka mm 6.5 hadi 11.1, wa nne ukanda mwembamba juu ya mstari wa mm 8.5. Ukingo wa kushoto nao upate mpako mmoja mwembamba, kati ya mm 11.1 na 12, maana pale uso umeanza kuuacha mwanga kwa kiasi kilekile cha katikati. Kila mpako ukiwa bado mbichi, pitisha brashi ile ya maji safi kwenye mpaka wake wa kushoto ili usikauke na kuacha ukali.

Angalia ukingo wa kulia: umebaki hafifu kuliko ndani yake. Huo ni mwanga unaorudishwa na sakafu na mawe ya jirani, na ndio unaolitenga shina na hewa iliyo nyuma yake. Usiuzike kwa sababu tu ya kuona kwamba "upande wa giza lazima uwe mweusi".

Umefanikiwa ikiwa ukisimama hatua tano mbali, nguzo inajitenga na ukuta pande zote mbili bila msaada wa mstari: kushoto weupe wake unakaa mbele ya kivuli cha boriti, na kulia giza lake linakaa mbele ya ukuta wenye mwanga.

## Hatua ya 9: Pima giza la mchoro mzima

Kabla ya kugusa chochote tena, kiegemeze kioo mbele ya mchoro na ukitazame humo, au ugeuze ubao juu chini. Jicho likishazoea mchoro huwa linausamehe. Ukigeuzwa, huuona upya.

Tafuta mambo matatu. Kivuli cha ukuta wa nyuma kisiwe kizito kuliko kivuli cha kornishi. Kikiwa kizito, nyuma imesonga mbele. Vivuli viwili vya pembetatu visiwe na giza tofauti, kwani tofauti yao ni ya upana tu. Na weupe wa karatasi usionekane popote nyuma ya mstari wa nguzo.

Ukumbi ukikosa kina, usikimbilie kikombe kizito. Ongeza mpako mmoja hafifu juu ya ukuta wote wa nyuma, pamoja na sehemu zenye mwanga. Mara tisa kati ya kumi inatosha. Mwaka 1764, Mfalme Louis XV wa Ufaransa alipoweka jiwe la msingi la Sainte-Geneviève, ukumbi wa nguzo ulisimamishwa mbele yake kwa ukubwa wake kamili ukiwa umechorwa kwenye turubai, na wageni waliliona jengo kwa nguvu ya mchoro peke yake.

## Hatua ya 10: Mistari ya mwisho na kukata

Rudia kwa kalamu kingo zile tu zilizo karibu nasi na zilizoupa mwanga mgongo: chini ya bamba za vichwa, chini ya kornishi, ubavu wa kulia wa vitako. Wino hapa uwe mweusi kuliko ule wa Hatua ya 5, lakini mstari usirefuke kuliko unavyohitajika. Kingo za kushoto za nguzo usiziguse tena. Ukiziona zimepotea katika mwanga, hivyo ndivyo zilivyopaswa kuwa.

Futa penseli siku inayofuata, mchoro ukiwa mkavu hadi ndani, kwa kifutio laini na mwendo wa upande mmoja. Kisha kata karatasi kwa wembe mkali na rula ya chuma, ndani kidogo ya utepe, ubao ukiwa umelala. Hifadhi ile ramani ya sakafu pamoja na mchoro, kwa sababu ukumbi wa nguzo sita utakaoufuata huu utaanzia kwenye karatasi hiyohiyo.